Ndege inachukua masaa mangapi? Piga hesabu mwenyewe kabla hujanunua tiketi

Kwenye ukoo wetu mimi ndo ofisi ya ndege. Sijawahi kufanya kazi eapoti, sijawahi kuuza tiketi, ila mtu akitaka kusafiri tu simu inaingia kwangu, mara Dar mpaka Mwanza masaa mangapi, mara shangazi kashapanda ndege Muscat anatua saa ngapi tukampokee, mara mtoto wa nani anaenda kusoma London apitie Dubai au Addis. Haya, leo naandika yote kwa mkupuo, mkiniuliza tena nawatumia hii. Na niseme mapema, umbali wenyewe ni kazi ya dakika mbili, balaa lote liko kwenye saa.

Anza na herufi tatu. Kila eapoti ina code yake, Dar ni DAR, Mwanza MWZ, Zanzibar ZNZ, Nairobi NBO, Entebbe EBB, Kigali KGL. Tumia code kuliko jina la mji maana mji mmoja unaweza kuwa na viwanja viwili vitatu. Nairobi kuna NBO ambayo ni Jomo Kenyatta na kuna WIL ambayo ni Wilson, Arusha kuna ARK pale pale mjini na kuna JRO, hii ndo KIA, yaani Kilimanjaro, ipo kati ya Arusha na Moshi, kwa hiyo ukishuka JRO ukadhani ushafika Arusha jua bado una kama saa nzima ya barabara. Dubai nako kuna DXB na DWC. London ndo usiseme, ziko kibao na zimeachana mno, ukikosea ya kwenda na ya kuunganisha utaiona hela yako inaishia kwenye treni na teksi.

Sasa umbali. Njia ya mvivu, ambayo hata mimi ndo naitumia siku nyingi, fungua Google Maps kwenye simu, shikilia kidole juu ya eapoti ya kwanza mpaka pini itokee, ifungue ile pini shuka chini utaona sehemu ya kupima umbali, iguse halafu sogeza ramani mpaka eapoti ya pili. Namba inayotokea ndo kilomita za angani. Usichukue ile ya kupanga njia ya gari, hapo wengi ndo wanajikwaa, anakwambia Dar Mwanza ni kilomita elfu moja na mia na kitu, ndio, hizo ni za basi, za kupita Moro, Dodoma, Singida, Shinyanga. Ndege haina habari na Singida, inakata moja kwa moja huko katikati ya Kondoa na Babati.

Njia ya pili ni ya kalamu na karatasi na mimi naipenda kwa sababu unaielewa safari yako. Kila eapoti ina latitudo na longitudo, ukigoogle unapata. Digrii moja ni kama kilomita 111. Chukua Dar, latitudo 6.88 kusini, longitudo 39.20 mashariki. Mwanza latitudo 2.44 kusini, longitudo 32.93 mashariki. Toa latitudo kwa latitudo unapata 4.44, zidisha 111 ni kilomita 493. Toa longitudo kwa longitudo 6.27, zidisha 111 ni 696. Hapo una pande mbili za pembetatu, umekwenda kaskazini 493 na magharibi 696, na ndege yenyewe inapita ule upande mrefu wa mshazari, basi kumbuka Pythagoras wa form two, 493 mara 493, jumlisha 696 mara 696, tafuta kipeuo cha pili. Inakuja 853. Kompyuta yenye fomula zote za dunia ya mviringo inasema kama 852. Kilomita moja! Kwa karatasi ya gazeti la kufungia vitumbua, maana siku nafanya hiyo hesabu ndo karatasi iliyokuwa karibu.

Ila angalia vitu viwili. Kama eapoti moja iko kusini mwa ikweta na nyingine kaskazini, latitudo hazitolewi, zinajumlishwa. Dar ni 6.88 kusini, Dubai ni 25.25 kaskazini, kwa hiyo umeachana digrii 32.13, ukitoa utapata 18 utashangaa Dubai imesogea lini. Pili hii hesabu ni ya huku kwetu karibu na ikweta na kwa safari fupi, ukiipeleka mpaka London inaharibika, maana mistari ya longitudo inazidi kukaribiana kadri unavyopanda kaskazini. Dar London kwa karatasi inatoka kama 7,830 wakati umbali halisi ni kama 7,500. Kwa safari ndefu tumia ramani, au kama nyumbani kuna tufe la mtoto wa shule chukua uzi, weka ncha moja Dar nyingine London, uvute ukaze, njia uzi unayopita ndo njia fupi kuliko zote. Ndo maana kwenye ile skrini ya kwenye siti unaona ndege inaenda kama imepinda, haijapinda, ramani ndo imelazwa bapa.

Ukishapata kilomita unaenda kwenye muda, na hapa nina kanuni yangu ambayo haijaniangusha, gawa kwa 800 halafu ongeza nusu saa. Ni ya ndege za jeti, Boeing, Airbus, hizo. Angani zenyewe zinakimbia kati ya 800 na 900 kwa saa lakini haziondoki ardhini na mwendo huo, chini ya futi 10,000 zinabanwa kwenye kama 460 kwa saa, kuna kupanda, kuna kushuka, kuna kuzunguka kusubiri zamu, kuna kutembea kwenye lami kutoka getini mpaka kwenye ranwei. Hiyo nusu saa inameza hayo yote.

Tuijaribu. Dar Mwanza 852 gawa 800 ni saa moja na dakika nne, ongeza nusu saa, saa moja na dakika 34. Tiketi za jeti zinaandikwa saa moja na nusu hivi. Dar Nairobi kilomita 667, dakika 50 ongeza 30, saa moja na dakika 20. Mombasa Nairobi 423, inakuja kama saa moja na hewani kabisa unakaa hata dakika 45 hazifiki au zinafika tu, juisi unapewa na glasi unanyang'anywa. Dar Dubai 3,980, saa tano na dakika 28. Nairobi London 6,840, saa tisa na kidogo. Zote hizo linganisha na tiketi uone.

Kama ndege ni ya mapanga, yaani propela, sahau 800. ATR inaenda kama 500 kwa saa, kwa hiyo Mwanza hiyo hiyo inakuwa masaa mawili na kidogo, Q400 ina mbio zaidi, 650 na ushee. Vile vidogo vya kwenda visiwani na mbugani, Caravan na wenzake, piga 300. Ndo maana kabla hujalalamika kwamba ndege ya asubuhi inachukua saa moja na nusu na ya jioni inachukua mbili, angalia kwenye tiketi ni ndege aina gani, wameandika. Na Dar Zanzibar usipige hesabu yoyote, ni kilomita 73, dakika 20, mkanda unafunga hujakaa sawa unaambiwa tunashuka.

Muda wa kwenye tiketi sasa. Ile saa ya kuondoka si ya magurudumu kuacha ardhi, ni ya ndege kusukumwa kutoka pale ilipopaki, na ile ya kufika ni ya kupaki kule, sio ya kugusa lami. Kwa hiyo ukiona imeandikwa kufika saa nane mchana na magurudumu yamegusa saa nane kasoro dakika kumi, haijawahi, hizo dakika kumi ni za kutambaa. Tena mashirika yanajiwekea akiba humo ndani ili ikichelewa kidogo ionekane imefika kwa wakati. Ukitaka ukweli mtupu ingia Flightradar24, ile app ya kufuatilia ndege, andika namba ya ndege, hiyo ya herufi mbili na tarakimu iliyopo kwenye tiketi, utaona siku zilizopita iliruka saa ngapi ikatua saa ngapi. Angalia kama wiki nzima. Hapo ndo unajua hii ndege ni ya mtu mwenye haraka au ni ya kuja na mto wa kulalia.

Haya tuje kwenye balaa lenyewe, saa.

Mjomba wangu, kaka yake mama, mtu mzima mwenye duka lake na akili zake, alikuwa anaenda Dubai kufuata mzigo. Tiketi imeandikwa 04:35. Mjomba kasoma nne na dakika thelathini na tano, kwa Kiswahili cha nyumbani hiyo ni saa nne na nusu asubuhi, kweupe kabisa, akasema kwa kuwa ni ndege ya nje nitafika mapema, akaamka akaswali, akanywa chai na chapati, akavaa lile koti lake la safari, saa mbili kamili asubuhi yuko mlangoni eapoti na begi. Yule askari wa mlangoni akaishika tiketi akaitazama, akamtazama mjomba, akaitazama tena tiketi. Akamwambia mzee hii ndege iliondoka saa kumi alfajiri. Wakati ule mjomba anabishana pale mlangoni siti yake ilikuwa baharini huko mbele ya Somalia inaikaribia Oman, tupu.

Kwa hiyo shika hii. Tiketi inahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia jua likichomoza na likizama, tofauti ni sita daima. Ukiona 01 mpaka 06 ongeza sita, 04:35 ni saa kumi na dakika 35 alfajiri. Ukiona 07 mpaka 18 toa sita, 09:00 saa tatu asubuhi, 16:20 saa kumi na dakika 20 jioni. Ukiona 19 mpaka 23 toa kumi na nane, 21:15 saa tatu na robo usiku. Na 00 ni saa sita usiku. Mkitumiana meseji za kupokeana andikeni zote mbili, "16:20 yaani saa kumi na dakika 20 jioni", usimwachie mtu kubuni, hasa mama zetu na hasa wale walioishi nje muda mrefu, maana hao ukimwambia saa nne hujui ameelewa ya wapi.

Hiyo ya 00 ina mtego wake mwingine, tarehe. Tiketi inasema tarehe 15 saa 00:40. Watu wanafunga mabegi tarehe 15 mchana kutwa wanaenda eapoti tarehe 15 usiku, ndege imeondoka usiku wa jana yake. Ukiona 00 au 01 kwenye tiketi ni usiku wa kuamkia hiyo tarehe, yaani unatoka nyumbani tarehe 14 baada ya kula cha usiku. Mimi huwa naizungushia kwa peni nyekundu naandika pembeni "toka nyumbani Jumanne saa mbili usiku" na kibandiko kinakaa mlangoni kwenye friji.

Halafu masaa ya nchi. Kila saa iliyoko kwenye tiketi ni ya pale pale eapoti ilipo, ya kuondoka ni ya huku, ya kufika ni ya kule. Tanzania, Kenya na Uganda saa yetu moja. Rwanda na Burundi wako nyuma yetu saa moja, Goma, Bukavu na Lubumbashi vile vile, Kinshasa nyuma saa mbili. Dubai na Muscat wako mbele saa moja. Doha na Jeddah saa zao sawa na zetu kabisa, wanaoenda umra hawana cha kubadilisha kwenye saa ya mkononi. London wako nyuma yetu masaa matatu wakati wa baridi yao na mawili wakati wa kiangazi, wanageuza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na wanairudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo safari ile ile inaonekana kufika saa tofauti kumbe ndege ni ile ile na mwendo ni ule ule.

Ukitaka kujua masaa halisi ya kuwa ndani ya ndege hamisha zote kwenye saa moja kwanza ndo utoe. Mfano Dar Kigali, kilomita kama 1,145, kwa kanuni yangu ni karibu masaa mawili. Ukiondoka Dar saa nne asubuhi unafika Kigali saa tano asubuhi ya kule. Unasema loh, saa moja tu! Kurudi ukiondoka Kigali saa nne unafika Dar saa saba mchana, masaa matatu, unaanza kusema ndege ya kurudi mbovu. Ndege haina kosa, ni saa za nchi mbili umezichanganya. Na kali kuliko zote ni Entebbe Kigali, kilomita 340, dakika kama 55 hivi, unaondoka Entebbe saa nne kamili asubuhi unafika Kigali saa nne kasoro dakika tano. Umefika kabla hujaondoka. Ukimwonyesha mtoto tiketi hiyo utajieleza mpaka jioni.

Upepo nao una neno. Wazee wa majahazi walikuwa hawapandi Oman mpaka kusi ivume na hawashuki mpaka kaskazi, rubani wa leo hasubiri msimu lakini upepo anausikia. Huko juu, hasa ukishatoka kwenye ikweta ukapanda maeneo ya Ulaya na Atlantiki, kuna upepo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda nao unasukumwa, ukienda dhidi yake unapambana. Nairobi New York, ile ndege ya moja kwa moja ya Kenya Airways iliyoanza Oktoba 2018, ni kilomita kama 11,840, kwenda inachukua kama masaa 15 na kurudi kama 14, njia ile ile. Kwa safari za hapa kwetu Dar, Nairobi, Mwanza usihangaike na upepo, tofauti ni dakika chache.

Kuna na kuzunguka. Ndege haiwezi kupita popote inapotaka, tangu Aprili 2023 vita vilipoanza Sudan sehemu kubwa ya anga yao ilifungwa, na Sudan ukiangalia ramani imekaa katikati kabisa ya njia ya kutoka huku kwenda Ulaya, kwa hiyo ndege zikawa zinapinda. Ndo maana uzi wako wa kwenye tufe unasema kitu kimoja na ndege inafanya kingine, ukiona imezidi kwa dakika 20 au 40 usidhani umekosea hesabu.

Transiti hapo ndo kilomita zinapoliwa kweli. Yule mtoto wa London niliyemtaja juu, moja kwa moja ingekuwa 7,500. Kupitia Dubai ni 3,980 kwanza halafu kama 5,500, jumla karibu 9,500, yaani amezungushwa kilomita 2,000, sawa na kwenda Mwanza na kurudi halafu ukaenda tena Zanzibar mara kadhaa. Kupitia Addis ni 1,764 halafu kama 5,920, jumla 7,680, Addis iko karibu juu ya mstari kabisa. Sasa hiyo haina maana Addis ndo bora kila siku, kama transiti ya Addis ni masaa tisa na ya Dubai ni mawili hesabu inageuka, na bei nayo ina sauti yake. Ila angalau ujue unanunua nini. Jumlisha hewani, jumlisha kusubiri, halafu ndo ulinganishe, usiangalie bei peke yake ukaja kulala kwenye kiti cha chuma na begi kichwani. Mimi transiti chini ya saa moja na nusu siichukui hata nikipewa bure.

Mwisho kuna mlango mpaka mlango. Ndege ya ndani fika masaa mawili kabla, ya nje matatu, kaunta zinafungwa kama saa moja kabla ya ndege ya nje kuondoka na zikifungwa zimefungwa, kulia hakusaidii. Ongeza foleni ya kutoka kwako. Kutoka Mbagala kwenda JNIA, eapoti ya Dar, saa kumi na moja jioni si sawa na saa kumi na moja alfajiri, na daraja la Tazara limesaidia lakini halijafanya miujiza. Dar Mwanza ya saa moja na nusu, ukiihesabu kutoka mlangoni kwako mpaka mlango wa mwenyeji wako Mwanza, ni masaa matano au sita bila wasiwasi.

Na wa kupokea, usifike saa ya kutua. Ndege ya nje ikishapaki mgeni wako ana uhamiaji, ana mabegi, ana forodha kama kabeba televisheni, weka dakika 45 mpaka saa nzima. Shangazi yule wa Muscat tulimwahi mara ya kwanza kwa saa nzima tukaishia kununua maji na parking, mara ya pili nikaangalia Flightradar24 tukiwa bado nyumbani, ikagusa chini tukamaliza chai, tukaondoka, tukafika pale nje na yeye ndo anatokea na toroli la mabegi manne akilalamika kwamba hakuna mtu aliyekuja mapema.